Siku ya fete Durban, mlinzi wa magari analipa ili afanye kazi

Tarehe 24 Septemba kila mwaka Afrika Kusini inafunga maofisi, mashule na mabenki. Ni Siku ya Urithi. Watu wanavaa mavazi ya asili, wanaimba nyimbo za mababu na wanachoma nyama. Katika jimbo la KwaZulu-Natal, ambamo mji wa Durban unapatikana, zamani siku hiyo ilikuwa inaitwa Siku ya Shaka, na hadi leo Wazulu wengi wanaenda KwaDukuza kumkumbuka mfalme wao. Tangu mwaka 2005 kuna pia kampeni ya kuifanya kuwa siku ya nyama ya kuchoma kwa taifa zima, na marehemu askofu mkuu Desmond Tutu aliiunga mkono. Moshi unapanda tangu asubuhi. Kando ya bahari magari yanakosa mahali pa kusimama.

Siku hiyo hiyo simu zinalia. Zinatoka Uvira, Baraka, Bukavu, Goma, na kwa familia zilizokimbia vita ambazo leo zinalala kwa watu au chini ya bashi. Wameona picha za fete kwenye WhatsApp, basi ujumbe unakwenda: "Yaya, leo kwenu ni fete, usitusahau." Mwingine: "Baba mdogo, nyinyi munakula nyama huko, sisi hata chumvi haiko." Anayeupokea amesimama juani katika parkingi ya duka kubwa, amevaa gileti ya rangi ya kung'aa, anamwongoza mtu mwingine aegeshe gari ili mtu huyo aende kula nyama.

Hili lisemwe wazi, hata kama litawaudhi wazazi. Fete ya taifa la watu haimpi mapumziko wala faida mgeni anayelinda magari. Siku ile ndiyo anafanya kazi kuliko siku zote. Kumdai sehemu ya fete ni kumdai kitu ambacho hakuna mtu aliyempa.

Wasikilizaji wengi wanajua kwamba ndugu yao "analinda magari" Durban. Wachache wanajua kazi hiyo inaendaje. Wakongomani ni wengi sana katika kazi hii pale Durban, na wengi wao wanatoka Kivu ya Kusini. Walianza kufika baada ya vita vya 1996 na 1998, wakavutana ndugu kwa ndugu. Kijana anafika asubuhi mahali pa magari. Mara nyingi mahali pale pana msimamizi, mtu au kampuni iliyopewa parkingi na mwenye duka. Kabla kijana hajagusa gari hata moja, anatakiwa kutoa feza ya siku. Ndiyo, anatoa yeye. Analipa ili apewe kipande cha parkingi cha kulinda, na katika sehemu nyingi hata gileti ni juu yake. Kisha anasimama saa kumi au kumi na mbili. Mshahara hana. Anachopata ni sarafu ambazo mwenye gari anampa akitaka, na asipotaka anafunga kioo na kuondoka.

Mvua ikinyesha, watu wasipokuja, feza ya msimamizi haipungui. Kuna siku kijana anarudi nyumbani ana deni la kazi aliyoifanya.

Sasa weka hesabu hiyo pembeni ya sheria ya nchi ile. Sheria ya kazi ya Afrika Kusini ya mwaka 1997 inasema mfanyakazi hawezi kulazimishwa kufanya kazi siku ya fete ya taifa isipokuwa amekubali, na akifanya kazi siku ambayo kwa kawaida ni yake ya kazi, alipwe angalau mara mbili. Tangu Machi 2025 mshahara wa chini kabisa ulikuwa randi 28.79 kwa saa. Kwa saa nane ni randi 230 na kidogo. Siku ya fete ingekuwa zaidi ya randi 460. Nchi ile ina siku za fete 12 kwa mwaka. Yule kijana wa kutoka Fizi anasimama siku zote 12, na hata randi moja ya sheria hiyo haifiki mfukoni mwake.

Sababu wanayoitoa ni fupi: huyu si mfanyakazi, huyu anajitegemea. Eti ni mfanyabiashara mdogo anayekodi nafasi. Lakini mfanyabiashara gani anayepangiwa saa ya kuingia, nguo ya kuvaa, mahali pa kusimama, na anayefukuzwa akikaa chini? Duka linapata ulinzi na mteja anatulia. Msimamizi anakusanya feza kutoka kwa walinzi. Wote watatu wanafaidika na kazi ya mtu mmoja, na huyo mmoja ndiye anayelipa. Katika vijiji vya Kivu watu wanalalamika, na wana haki, juu ya vizuizi vya barabarani ambapo mkulima analipa ili apite na muhogo wake. Parkingi ya Durban ni kizuizi cha namna ile ile, tofauti ni kwamba imemwagwa lami na ina maua.

Watauliza nyumbani: kwa nini hatafuti kazi nyingine? Ana diploma ya serikali, wengine wana hata lisanse, kuna waalimu na wauguzi kati yao. Jibu liko katika makaratasi. Mwomba hifadhi anapewa kibali cha muda mfupi ambacho anapaswa kukirudisha kila mara kuombea kingine. Kikipitisha tarehe, benki inafunga akaunti yake na mwajiri anaogopa. Diploma iliyoandikwa kwa Kifaransa inatakiwa kutafsiriwa na kuthibitishwa, na hayo yote yana bei. Hata kuwa mlinzi wa kweli, mwenye mshahara na mkataba, si rahisi. Sheria namba 56 ya mwaka 2001 inataka kila mlinzi aandikishwe, na anayekubaliwa kuandikishwa ni raia au mwenye kibali cha kukaa daima. Wakimbizi walilipinga jambo hilo hadi kwenye Mahakama ya Katiba. Desemba 2006 majaji walio wengi waliamua kwamba sheria haivunji Katiba, na kwamba mkimbizi anaweza kuomba asamehewe sharti hilo, mmoja mmoja, kwa barua yake. Ndiyo maana watu waliosoma wanabaki na gileti. Na ndiyo maana hawashtaki: asiyeandikishwa akienda kulalamika, ataulizwa kwanza karatasi zake mwenyewe.

Siku za fete zina jambo lingine tena, ambalo picha za WhatsApp hazionyeshi. Ni hofu. Fete ya taifa ni siku ya kusema "sisi". Mwimbaji anasema sisi, mwanasiasa anasema sisi, na kadiri neno hilo linavyopanda sauti, ndivyo asiyehesabiwa ndani yake anavyojificha. Mzulu anasema "inyama" na mtu wa Kivu anasema nyama. Yeye anasema "umuntu", huyu anasema mutu. Ndugu kabisa kwa lugha. Lakini akifungua mdomo na lafudhi ikasikika, kuna neno la dharau linalomngojea, kwerekwere.

Hofu hiyo haikutoka hewani. Mei 2008 watu zaidi ya 60 waliuawa katika fujo dhidi ya wageni nchini kote. Mwaka 2015 fujo zilianzia Durban kwenyewe. Wageni, na Wakongomani na Warundi walikuwamo, walikimbia nyumba zao na kulala katika mahema Isipingo na Chatsworth. Mtu aliyekimbia Kivu kwa sababu ya risasi, akavuka nchi nne au tano, akajikuta tena kwenye hema, akipanga mustari kwa ajili ya chakula. Wasikilizaji waliopita Bulengo au Kanyaruchinya hawahitaji kuelezwa hema ni nini. Na mwaka 2025, tena pale Durban, vikundi vya raia vilisimama kwenye milango ya hospitali na zahanati na kudai vitambulisho, ili mgeni asiingie kutibiwa. Katiba ya nchi hiyo, kifungu cha 27, inasema kila mtu ana haki ya kutibiwa. Haikuandikwa kila raia. Novemba 2025 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilikataza kikundi cha Operation Dudula kufanya vitendo hivyo. Mahakama imesema. Mama mjamzito anayefika zahanati asubuhi bado anaangalia kwanza nani amesimama mlangoni.

Haki itendeke kwa wenyeji pia. Raia wa Afrika Kusini wana shida zao, na si ndogo. Zaidi ya 30 kwa mia ya watu walio katika soko la kazi hawana kazi. Kijana wa Umlazi asiye na kazi ana haki ya kukasirika. Lakini amkasirikie nani? Anapoambiwa kwamba Mkongomani wa parkingi amemnyang'anya mshahara, anadanganywa, maana pale hakuna mshahara. Aliyeuondoa ni yule aliyegundua kwamba mlinzi anaweza kulipishwa badala ya kulipwa. Huyo hapigwi mawe, na siku ya fete amekaa kwenye bustani yake akigeuza nyama. Tena wako wenyeji wengi wema. Kuna mama wa Kizulu, kuna Mhindi wa Durban, kuna mzungu mzee, ambao jioni wanarudi kwenye gari na sahani iliyofunikwa na karatasi: "Kula, ndugu yangu." Kuna makanisa na wanasheria wanaowasaidia wakimbizi bila malipo. Sahani hiyo ni nzuri na inashiba. Lakini haiwezi kutumwa Baraka kwa simu.

Hapa polemiki inageuka kwa watu wa nyumbani, na ndiyo sehemu inayouma.

Familia zinazoomba haziombi kwa tamaa. Mwisho wa Januari 2025 mabenki ya Goma yalifungwa, na anayetaka kutoa feza iliyoingia kwenye simu anakatwa komisheni na wakala. Makambi makubwa ya kandokando ya Goma yalivunjwa, watu wakaambiwa warudi vijijini ambako nyumba zilichomwa na mashamba yamekuwa pori. Mama mwenye watoto sita anayempigia simu mjomba wa watoto Durban hafanyi kosa. Njaa haina aibu, na undugu ndio benki pekee iliyobaki wazi. Yeyote anayewaambia watu hawa waache kuomba hajui maisha yao.

Kuomba kuna namna yake. Kosa ni hesabu inayofanywa vichwani mwa watu: nchi ina fete, basi mtu wetu ana feza. Kosa ni matusi yanayofuata asipotuma. Anaitwa mchoyo. Anaambiwa amelogwa na mwanamke wa kule. Katika kikao cha familia jina lake linatajwa kwa hasira, na mdogo wake anaambiwa: wewe usiwe kama yule. Wako vijana Durban waliobadilisha namba ya simu kwa ajili ya hayo. Familia inasema amepotea. Hajapotea. Amechoka kudaiwa fete ambayo aliitazama kwa mbali kupitia vioo vya magari.

Na vijana wenyewe wasijifiche nyuma ya huruma. Picha zile nani alizipiga? Kijana anaegemea gari la mteja wakati mteja yuko dukani, anavua gileti, anaifunga nyuma ya mgongo, anatabasamu, bahari iko nyuma yake, na chini anaandika "Mungu ni mwema". Saa hiyo hajala. Anatuma picha hiyo kwa sababu anaona haya, na haya hiyo inaeleweka: nyumbani waliuza ng'ombe au parseli ili asafiri, atawaambiaje kwamba analipa ili asimame juani? Lakini picha moja ya namna hiyo inaua watu. Mdogo wake anaiangalia Sange au Kamituga, anafunga mfuko. Baba anauza shamba la mwisho. Anatafutwa mtu wa kumpitisha, Tanzania, Msumbiji, au Zambia na Zimbabwe, na kila mpaka una mikono yake ya kupokea. Akifika, yaya yake anamkuta katika chumba kimoja cha Albert Park kilichogawanywa kwa mapazia, familia tatu ndani. Kesho yake asubuhi anapewa gileti ya kuazima.

Baba anayetaka kuuza shamba amuulize kwanza mwanae wa Durban mambo ambayo kwa kawaida hayaulizwi, na amuulize kwa sauti, si kwa picha. Kibali chako kinaisha mwezi gani? Asubuhi unatoa randi ngapi kabla ya kuanza? Wiki iliyopita ulibaki na ngapi baada ya kulipa chumba? Ukiugua, unatibiwa wapi? Akijibu yote bila kusitasita, wazee wataamua wakijua. Akinyamaza, ukimya huo una thamani kuliko picha mia, na shamba lisiuzwe.

Wapo watakaosema kwamba maandishi haya yanawakatisha vijana tamaa, na kwamba Kivu yenyewe haina la kuwapa. La pili ni kweli. Mtu anayekimbia risasi hangojei hesabu ya randi, na hakuna anayemwambia abaki afe. Lakini kukimbia ni jambo moja, kuuza shamba kwa ajili ya parkingi ni jambo lingine, na siku hizi mambo haya mawili yamechanganywa na wale wanaopata feza kwa kupitisha watu. Wao hawasemi kamwe neno "parkingi". Wanasema "kazi ya ulinzi".

Tena kuna fete nyingine ambayo haizungumzwi. Tarehe 30 Juni, siku ya uhuru wa Kongo tangu 1960, Durban ni siku ya kazi kama nyingine. Magari yanaingia, msimamizi anakusanya chake. Mkongomani anasimama palepale, na hakuna anayempigia simu kumtakia fete njema, kwa sababu siku hiyo nyumbani kila mtu anafikiri juu ya mambo yake. Kwa hiyo mtu huyu ana nchi mbili na siku za fete zaidi ya kumi na mbili, na hana hata moja ya kukaa chini.

Yapo mambo yanayoweza kufanyika bila kungoja serikali yoyote. Walinzi wa parkingi moja wakikubaliana kuandika kila siku katika daftari kiasi wanachotoa na jina la anayepokea, wanasheria wanaosaidia wakimbizi watakuwa na kitu cha kushika. Bila karatasi, kila mmoja ni neno lake dhidi ya neno la tajiri. Makanisa ya Wakongomani, ambayo pale Durban ni mengi na kila Jumapili yanapitisha kikapu, yanaweza kuweka sehemu ya kikapu hicho kwa ajili ya waliofukuzwa kazi kwa sababu wamesema. Wachungaji hawatapenda kusikia hilo. Lakini wao ndio wanaojua majina ya watu wote na siku ambayo kila mmoja alikosa kula.

Na nyumbani, familia iweke siku yake ya kuzungumza na mtu wake, siku isiyo ya fete, isiyo mwisho wa mwezi, ambayo hakuna anayeomba kitu. Wamuulize anaumwa wapi. Wamweleze mvua imenyesha vipi, nani amejifungua, nani amezikwa. Kijana anayejua kwamba Jumatano ni simu ya salamu ataipokea hata akiwa hana senti. Na siku akipata, atatuma bila kutukanwa.

Baada ya 24 Septemba inakuja 16 Desemba, ambayo wanaiita Siku ya Upatanisho, kisha Noeli na siku inayofuata Noeli. Ni wakati ambapo watu wa Johannesburg wanateremka kwa maelfu kwenda kuoga bahari Durban, na walinzi wa magari wanaingia saa kumi na moja za asubuhi ili wasinyang'anywe nafasi. Simu za Desemba zitaanza kulia mapema. Atakayepiga aanze kwa kuuliza: leo wamekutoza ngapi?